Kungoja Jibu la Pili

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo wetu, Weston, Toronto)



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa hai na wazima. Pili naishukuru kamati ya matayarisho, iliyonipa nafasi hii ya kusema machache juu ya mazungumzo yetu ya kila siku, na hasa juu ya kusikiliza. Nilipopata barua yao nilidhani wananitania, maana katika ukoo huu mimi sijulikani kwa kunyamaza. Shangazi mmoja alipoambiwa mada yangu alisema, "Basi siku hiyo tutamwona samaki akipanda mnazi." Nakubali mzaha wake. Lakini ajuaye moto ni yule aliyewahi kuungua, na mimi kwa kutosikiliza niliungua, kama nitakavyowaeleza.

Tumefika hapa Weston kutoka pembe nyingi: Mombasa, Tanga, Unguja, Muscat, Leicester, na mitaa mbalimbali ya Toronto hii hii. Kwa siku mbili tutakula, tutacheka, tutapiga picha, na tutaulizana hali mara zisizohesabika. Nina hofu moja tu: tusije tukaulizana sana na kusikilizana kidogo, kila mmoja wetu akarudi kwake ana picha za ndugu wote, lakini habari ya kweli ya hata mmoja wao hana.

Lugha yetu imelipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Kusikia ni kazi ya sikio, na sikio halina mlango. Treni iendayo uwanja wa ndege ikipita hapo stesheni ya Weston, sote tunaisikia, tutake tusitake. Kusikiliza ni kitendo cha hiari. Ni mtu kuamua kulipeleka sikio lake mahali fulani na kuliweka hapo. Kisha lipo neno la tatu, nalo ni kusikilizana. Tukisema ndugu wawili hawasikilizani, hatuna maana kwamba ni viziwi. Tuna maana kwamba undugu wao umeingia ufa. Tena tunasema twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia uchungu. Kwa Mswahili, basi, kusikia hakuishii sikioni, hufika mwilini. Anayesema amenisikia, na habari yangu haikumgusa popote, bado hajanisikia.

Sasa natazama salamu zetu, kwani humo ndimo nilimopotea. Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?" utamjibu, "Njema." Akiuliza za watoto, utasema, "Salama." Akiuliza za kazi, utasema, "Alhamdulillahi." Majibu haya si uongo. Ni adabu na shukrani: hatuanzi kumlalamikia Mungu kabla ya kumshukuru. Hata aliyefiwa, akikutana na mtu njiani, aghalabu husema, "Salama, ila mzee hatunaye tena." Liangalieni neno hilo "ila". Kabla yake mlikuwa na adabu. Baada yake ndipo ilipo habari. Jibu la kwanza ni la salamu, jibu la pili ndilo la moyo. Mwenye haraka huondoka na la kwanza, akaamini kwamba amejua hali ya mwenzake.

Naomba niwasimulie kosa langu. Wengi wenu mnamkumbuka mama yetu, na wengine mlilelewa mikononi mwake.

Mwaka 1998 nilikuwa nikikaa katika nyumba moja ya ghorofa kando ya Weston Road. Kila Jumapili asubuhi nilinunua kadi ya simu ya dola tano, nikaikwangua namba zake, nikampigia mama Mombasa. Saa tatu ya asubuhi hapa ni saa kumi na moja ya jioni kule wakati wa majira ya baridi, na huo ndio uliokuwa wakati wetu. Sauti ya kadi ilikuwa ikinitajia dakika zilizobaki, nami nilijitahidi kuzijaza kwa habari zangu: kazi, watoto, theluji, kodi ya nyumba. Nilijiona mtoto mwema, kwani nilikuwa sikosi Jumapili hata moja.

Jumapili moja ya Novemba mama akaniambia, "Siku hizi usiku unaingia mapema, mwanangu." Nikacheka, nikamjibu, "Hata huku, mama! Saa kumi na moja taa zote zimekwisha washwa." Tukaendelea na mengine. Jumapili iliyofuata akasema, "Chai siku hizi namwachia mtoto amimine." Nikamjibu, "Vizuri, mama. Umefanya kazi ya kutosha, nawe pumzika." Jumapili ya tatu akasema, "Barua yako imefika, ila mwandiko wako umekuwa mdogo." Nikamwahidi kwamba nitaandika vizuri zaidi, kisha nikaanza kumweleza bei ya tairi za theluji.

Ramadhani ya mwaka huo iliingia Desemba. Shangazi yetu alitoka Tanga akaenda kufunga naye. Siku ya kwanza, wakati wa kufuturu, alimwona mama akiitafuta sahani ya tende kwa kupapasa juu ya mkeka, ilhali taa inawaka. Hakumuuliza neno mbele ya watu. Asubuhi alimchukua kwa daktari wa macho. Yalikuwa maradhi ya presha ya macho, maradhi yenye tabia ya kula nuru ya pembeni kwanza, polepole, aghalabu bila maumivu. Na nuru iliyokwisha kupotea hairudi tena. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. La kushoto liliwahiwa kwa dawa ya matone, likamtumikia mpaka alipotutoka mwaka 2007, Mungu amrehemu.

Ndugu zangu, Mombasa i karibu na ikweta. Jua la kule huzama baada kidogo ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti baina ya miezi ni kama nusu saa tu. Usiku wa Mombasa hauingii mapema. Nilizaliwa kule, nalijua hilo kama nilijuavyo jina langu. Tena mama aliponiambia maneno yale ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, na kwao jua lilikuwa lingali likiwaka. Neno lake halikuhitaji mganga wa kulifumbua. Lilihitaji mtu wa kusita kidogo na kusema, "Mapema vipi, mama?" Mimi nililichukua neno lake nikalivika hali yangu ya Weston, nikamjibu juu ya usiku wangu badala ya kumuuliza juu ya usiku wake.

Baadaye nilipopata ujasiri nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Akanijibu kwa upole, bila lawama, "Nilibisha hodi mara tatu."

Nimelichukua jibu hilo miaka yote hii, na leo nataka niligawe kwenu kama urithi. Kwa desturi yetu mgeni hubisha hodi mara tatu. Akikosa kujibiwa, hugeuza njia akaenda zake, na haigombezi nyumba. Wazee wetu husema mambo mazito kwa namna hiyo hiyo. Hawaangushi mzigo katikati ya sebule. Hubisha kwa neno dogo, wakangoja kama mtu atawaambia karibu. Maneno hayo madogo ni yale yale, na kila mmoja wenu anayajua: "ila", "kidogo", "siku hizi", "tupo tu", "hivyo hivyo". Mtu akikwambia, "Sijambo kidogo," lile "kidogo" ni hodi. Akikwambia, "Tupo tu," lile "tu" ni hodi. Mchango wa msikilizaji ni neno moja: karibu. Nalo husemwa kwa njia nyingi: "Enhe?" "Kidogo vipi?" "Siku hizi tangu lini?" Kisha anyamaze, angoje.

Msidhani kwamba kosa hili ni langu peke yangu, au ni la simu na umbali tu. Mto Humber unaopita hapa chini una habari yake. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 kimbunga kilichoitwa Hazel kiliufikia mji huu. Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya mvua na upepo mkali. Lakini watu wa Toronto hawakuwa wamezoea vimbunga. Neno lilifika masikioni na halikupata picha ya kushikamana nayo. Wengi walilala majumbani mwao kama usiku mwingine wowote wa mvua. Mto ukajaa kwa ghafla, na ng'ambo ya Weston, katika barabara iitwayo Raymore Drive, maji yakazichukua nyumba pamoja na waliokuwamo. Walikufa watu 35 katika barabara hiyo moja. Katika Kanada nzima walikufa 81. Baada ya msiba huo serikali ilizuia watu kujenga tena katika bonde, na ndiyo sababu leo kandokando ya mto tunaona bustani na njia za miguu mahali palipokuwa na nyumba.

Siwalaumu marehemu wale, nani angejua? Nimeikumbuka habari yao kwa sababu inatuonyesha kwamba neno linaweza kusemwa, tena likasikika, na bado lisifike. Kila asikiaye neno hulipima kwa mambo aliyokwisha kuyaona. Wao waliipima tahadhari kwa mvua walizozijua. Mimi niliupima usiku wa mama kwa usiku wa Novemba wa Kanada. Dawa yake ni ile waliyotupa wahenga waliposema kuuliza si ujinga. Swali fupi, "Una maana gani?" lingeweza kuokoa mengi.

Yafaa tujiulize kwa nini jambo jepesi kama hili hutushinda. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa na Tanya Stivers, wa taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, walichapisha matokeo ya kuchunguza mazungumzo ya lugha 10 za mabara mbalimbali. Waliona kwamba mtu akiulizwa swali, nafasi iliyopo kabla ya jibu ni, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ni muda mfupi kuliko ule tunaouhitaji kuliandaa hata neno moja kichwani. Maana yake ni kwamba sote, Wajapani kwa Wadenmark, huanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado anasema. Basi tusijione wabaya kupita kiasi, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini tujue kwamba sentensi ya mwisho ya mwenzetu, ile ambayo aghalabu huwa na "ila" yake, hutukuta tumekwisha kuingia jikoni kupika jibu.

Wenye umri wangu wanazikumbuka simu za zamani zilizopitia setilaiti. Kenya ilianza kutumia kituo chake cha Longonot mwaka 1970, na kwa miaka mingi sauti zetu zilipanda angani kiasi cha kilomita 36,000, kisha zikashuka. Kupanda na kushuka huko kulichukua kama robo ya sekunde kwenda, na robo nyingine kurudi. Nusu sekunde si kitu, lakini ilitosha kutugombanisha. Nilidhani mama amenyamaza, nikaanza kusema, kumbe yeye naye ameanza, tukagongana, kila mmoja akasema, "Sema wewe." Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na kuchelewa huko kukapungua sana. Chombo kimetengenezwa. Je, subira yetu imeongezeka? Nachelea kusema kwamba tumegongana zaidi, na sasa hatuna setilaiti ya kuisingizia.

Nitataja sasa mambo machache tunayoweza kuyafanya, kila mtu nyumbani kwake, bila gharama.

La kwanza ni kurudia kabla ya kujibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyefariki mwaka 1987, alipendekeza kanuni moja kwa watu wanaobishana: asiruhusiwe mtu kusema lake mpaka kwanza ameyaeleza maneno na hisia za mwenzake, na mwenzake amekubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Kanuni hii si ngeni kwetu. Mzee mwenye busara barazani husema, "Ngoja kwanza, nikikufahamu vizuri, wewe wasema hivi." Tuchukue mfano ulio katika kila nyumba yetu. Ndugu aliye nyumbani Afrika anaandika, "Ada za shule zimepanda tena." Ndugu aliye hapa anasoma humo ombi la fedha, anajibu kwa ukali, "Hata huku pesa haziokotwi." Kuanzia hapo hawasikilizani mwaka mzima. Lau angejibu, "Kaka, nikikufahamu vizuri, mzigo umekuwa mzito kwako, ndivyo?" huenda angegundua kwamba ndugu yake hakuomba kitu. Alitaka mtu mmoja ulimwenguni ajue kwamba amechoka. Na kama aliomba kweli, basi angalau lingejibiwa ombi, wala si dhana.

La pili ni kuacha kumpokonya mtu hadithi yake. Mtu akisema, "Nimeachishwa kazi," tunamrukia, "Hata mimi mwaka ule..." Nia yetu ni njema, tunataka kumwonyesha kwamba hayuko peke yake. Lakini mara tunajikuta tumekalia kiti chake na yeye amesimama mlangoni. Wale wanaotoa ushauri kabla ya habari kwisha, nao ni hivyo hivyo. Na mimi ni mkubwa wao. "Pumzika, mama," lilikuwa shauri jema. Ila lilifunga mlango.

La tatu lahusu wanetu. Mtoto akirudi kutoka shuleni unamuuliza, "Shule ilikuwaje?" naye anajibu, "Sawa," akapanda ngazi kwenda chumbani. Wazazi hulalamika kwamba watoto wa huku hawana maneno. Wanayo, ila wamekupa jibu la kwanza, kama ulivyowafundisha wewe mwenyewe kwa kusema "Njema". Kumbukeni baraza za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja. Waliozikalia walikaa ubavu kwa ubavu, macho yao njiani, na kahawa ikapita. Hapakuwa na mtu wa kumkazia mwenzake macho usoni, na kwa hiyo maneno yalitoka yenyewe. Baraza ya Toronto ni gari. Mkiwa mnapita Lawrence Avenue jioni, wewe unatazama taa za barabarani na yeye anatazama dirishani, hapo ndipo jibu la pili linapokuja. Zimeni redio. Wengine hulipata wakioshana vyombo, wengine wakikuna nazi au wakikata vitunguu pamoja. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hupata ruhusa.

Hapa naomba radhi kwa wazee wangu, nina neno la kusema. Tumelelewa kwamba mkubwa anaposema mdogo hunyamaza, na mtoto atiiye tunamsifu kuwa ni msikivu. Ni malezi mema, wala sisemi yatupwe. Lakini nauliza: ni lini mara ya mwisho tulipomsifu mzee kwa kuwa msikivu? Mtoto anayenyamaza kwa hofu hajasikiliza. Amengoja tu tumalize. Naye akishakuwa mtu mzima atatufanyia vile vile, atanyamaza kwenye simu mpaka tumalize, kisha aage. Watoto hujifunza kusikiliza kwa kusikilizwa. Kijana wa miaka 16 akikwambia kwamba hataki kusoma udaktari, usimjibu siku hiyo. Mwambie, "Enhe, nieleze." Kumsikiliza si kukubali. Utabaki na haki yako ya kukataa, na kukataa kwako kutakuwa na uzito zaidi, maana atajua umekataa jambo ulilolielewa.

Nanyi vijana, msidhani mmepona. Bibi zenu wanawatumia sauti kwa WhatsApp, kwa kuwa kuandika kunawachosha. Tangu mwaka 2021 chombo hicho kinaruhusu sauti kuharakishwa, mara moja na nusu au mara mbili. Najua mnafanya hivyo. Hata mimi nilijaribu. Nilisikiliza sauti ya dakika nne kwa dakika mbili, maneno yote nikayapata. Kitu nilichokikosa ni pumzi. Nilikosa pale mzee alipositasita kabla ya kulitaja jina la mtu, nikakosa kikohozi, nikakosa kimya kabla ya neno "ila". Harakisheni matangazo, harakisheni habari za dunia. Bibi msimharakishe. Dakika nne ni zenu. Yeye amewapa miaka 80.

Kumbukeni pia hadithi za usiku. Msimulizi alisema, "Paukwa!" nasi tukajibu, "Pakawa!" Hadithi haikuanza mpaka tumejibu, na tukilegea aliita tena. Watoto tulidhani ni mchezo. Sasa naona lilikuwa somo: msimulizi hawezi peke yake. Msikilizaji naye ana sehemu yake ya kazi, na asipoifanya hadithi hukaa tumboni mwa mwenyewe mpaka ikazikwa naye. Ni hadithi ngapi za ukoo huu zimekwisha zikwa kwa kukosa mtu wa kuitikia "Pakawa"?

Mheshimiwa Mwenyekiti, kila jambo jema lina mpaka wake, na ningekuwa nimefanya hiyana nisipoutaja. Kungoja jibu la pili si kudadisi. Aliyebisha hodi, mkaribishe. Asiyebisha, usimvunjie mlango. Shangazi yetu wa Tanga aliona kila kitu mbele ya futari, na bado alingoja mpaka asubuhi, wawe wawili tu. Nayo ndiyo adabu ya pili: neno uliloaminiwa usilipeleke kwenye kundi la ukoo. Siku hizi habari ya mtu hufika Muscat na Leicester kabla mwenyewe hajafuta machozi. Mtu akigundua kwamba jibu lake la pili limesomwa na watu 140, hatakupa tena ila la kwanza, maisha yake yote. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nasi tuwe kata zenye kuchota bila kumwaga.

Namalizia kwa ombi. Katika siku hizi mbili kila mmoja wetu achague watu wawili: mmoja aliyemzidi umri, na mmoja aliyemzidi yeye. Aketi naye ubavuni, si mbele yake. Amuulize habari, apokee "njema" yake kwa heshima, kisha asiondoke. Asitazame simu. Ahesabu pumzi tatu. Likija neno dogo, aseme, "Enhe?" Basi. Ikiwa hakuja na neno, wamekaa pamoja, na hilo si hasara.

Mimi nimekwisha chelewa kwa yule aliyenibishia mara tatu. Lakini humu ukumbini naona watu wengi waliosafiri kutoka mbali, na siamini kwamba wote wamekuja kwa ajili ya biriani tu. Wapo waliokuja na hodi. Inawezekana aliyeketi karibu nawe amekwisha bisha mara mbili.

Aliyeudhika kwa neno langu anisamehe, na aliye na la kunisahihisha anifuate chakulani. Naahidi kumngoja amalize.